Wimbo wa Marehemu na Sahibu Yake

Askari aendapo safari ya mbali huacha nyuma yake maswali yasiyosemwa. Nani atalima shamba lake? Timu ya mpira itamtia nani mahali pake? Mkewe, au mchumba wake, atangoja hata lini? Aghalabu mwenye kuondoka hayatamki hayo kwa kinywa, kwani siku ile yampasa kuwachekesha wanaobaki; nao wanaobaki hawayajibu, kwa kuwa hawakuulizwa. Uko wimbo mmoja wa Kiingereza, mfupi, wa dakika nne hivi, ambao maswali hayo yameulizwa ndani yake waziwazi. Tena ameyauliza mtu aliyekwisha kuzikwa.

Wimbo huo huitwa Is My Team Ploughing. Maneno yake ni ya mshairi A. E. Housman. Muziki wake ulitungwa na George Butterworth, ukapigwa chapa mwaka 1911. Huimbwa na mtu mmoja, naye husaidiwa na mpiga piano mmoja, basi. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, wala hakuna kundi la kuitikia. Lakini ndani ya mwimbaji yule mmoja mna watu wawili.

Wa kwanza ni marehemu, kijana wa shamba aliyekuwa akiongoza farasi wakokotao plau. Kutoka huko aliko anamwuliza rafiki yake habari za wanyama wale, kama bado wamo kazini. Rafiki anamtuliza: kazi ya shamba haikusimama hata siku moja kwa sababu ya msiba. Kisha marehemu anauliza juu ya kandanda waliyokuwa wakicheza kando ya mto. Anajibiwa kwamba mchezo ungali motomoto, na langoni hapakubaki pengo. Swali la tatu ni la msichana wake: je, machozi yamemkauka? Anaambiwa kwamba msichana hajambo, wala halali akilia, na kwamba yeye marehemu apumzike kwa amani.

Hapo ndipo msikilizaji makini huanza kushtuka. Huyu rafiki amejuaje habari za usiku za binti huyo?

Swali la nne marehemu anamwelekezea rafiki mwenyewe, kwa upole wote wa mtu asiyeshuku neno: naye hali gani, na malazi yake ni mema kuliko haya ya kaburini? Rafiki anakubali kwamba amelala vizuri. Anaongeza kwamba yuko pamoja na mpenzi wa mtu aliyekufa, tena anaomba asiulizwe ni mpenzi wa nani. Wimbo unakoma hapo.

Wapenzi wa mashairi ya Kiswahili wanayajua sana majibizano, ambamo malenga mmoja hutupa fumbo na mwenziwe hulifumbua kwa vina vile vile, kila mmoja akitaka kumshinda mwenzake. Majibizano haya ya Housman ni ya namna nyingine kabisa. Anayeuliza hataki ushindi, bali hamu imemshika. Anayejibu anaombea tu maswali yaishe kabla hayajamfikia.

SHAIRI LA KITABUNI

Hapana budi kueleza kidogo desturi ya nyimbo hizi, maana si sawa na yetu. Kwa Waswahili, shairi na utenzi tangu asili ni vitu vya kuimbwa. Mtunzi atungapo huwa na mahadhi sikioni mwake. Kwa Waingereza wa zamani za Housman, shairi lilikuwa limekwisha kuwa kitu cha kusomwa kimya katika kitabu. Halafu hutokea fundi wa muziki, pengine hajawahi hata kuonana na mshairi, akalichukua shairi na kuliandikia sauti ya mwimbaji na sehemu ya piano, kile kinanda kikubwa chenye nyuzi tumboni na vibao vyeupe na vyeusi mbele. Kila sauti huandikwa mahali pake. Mpiga piano hapigi ili kujaza ukimya tu. Katika wimbo uliotungwa vema, piano hujua mambo ambayo mwimbaji hajayasema bado.

Housman alizaliwa mwaka 1859 katika jimbo la Worcestershire. Alikuwa mwanachuoni wa Kilatini, mkali na mpweke, profesa katika chuo cha University College mjini London. Mwaka 1896 alitoa kitabu chenye mashairi 63, A Shropshire Lad, yaani Kijana wa Shropshire, na gharama za kukipiga chapa alilipa mwenyewe. Jimbo la Shropshire halikuwa kwao. Utotoni alikuwa akiona vilima vyake kwa mbali, upande wa machweo ya jua. Kitabu chote kimejaa vijana wa mashambani, wapenzi waliotengana, wanajeshi waliovaa sare nyekundu, na makaburi. Miaka mitano baadaye, mwaka 1901, ndugu yake mdogo Herbert, ambaye alikuwa askari, aliuawa Afrika Kusini katika vita vya Makaburu.

Shairi la marehemu na rafiki yake ni la 27 katika kitabu hicho. Wengi hudhani lilitungwa kwa ajili ya vita, kwa sababu ya mambo yaliyofuata. Sivyo. Halisemi kijana yule alikufa kwa maradhi, kwa ajali au kwa risasi, na huenda ndiyo sababu kila aliyefiwa hulisikia kama linamhusu yeye.

MCHEZA NGOMA MWENYE NJUGA

Butterworth alizaliwa mjini London tarehe 12 Julai 1885, akakulia York, ambako baba yake, Sir Alexander, alikuwa meneja mkuu wa shirika la reli la North Eastern. Mama yake alikuwa mwimbaji. Alisomeshwa katika shule ya Eton na chuo kikuu cha Oxford, shule za wakubwa, na baba alitumaini kwamba mwanawe angekuwa mwanasheria kama yeye. Kijana akachagua muziki.

Lakini muziki aliouchagua haukuwa ule wa kumbi za matajiri peke yake. Alizunguka vijijini, akaketi na wazee katika vilabu vya pombe na vibarazani mwa nyumba zao, akaandika nyimbo na ngoma zao kabla hazijafa pamoja nao. Aliandika mamia. Tena hakuridhika na kuandika tu. Aliingia katika kundi lililokuwa likionyesha ngoma ya kienyeji ya Kiingereza iitwayo Morris, ambayo wanaume huicheza wakiwa wamefunga njuga miguuni na kupunga leso mikononi. Ipo filamu ya mwaka 1912 inayomwonyesha, mtu mwenye masharubu na umbo la nguvu, akiruka kwa wepesi ambao mtu asingeutarajia.

Ujuzi huo wa nyimbo za wanakijiji ndio uliomwezesha kuyashika mashairi ya Housman pasipo kuyapamba kupita kiasi. Alichagua sita na kuyafanya fungu moja, na wimbo wa marehemu akauweka mwisho. Mwezi wa Mei 1911 nyimbo hizo zilisikika mjini Oxford, mwimbaji akiwa James Campbell McInnes, na Butterworth mwenyewe akiwa penye piano.

Jinsi alivyoutengeneza wimbo wa sita ni rahisi kueleza, ingawa si rahisi kuufanya. Marehemu anapouliza, sauti huanza juu, nyembamba, laini kabisa, na mwimbaji haamriwi kufuata mwendo kwa ukali. Anaweza kukawia kidogo kama mtu anayekumbuka. Chini yake piano hushuka polepole, mafungu ya sauti yakifuatana kwa upole kama mtu ateremkaye ngazi gizani. Rafiki anapojibu, mambo hugeuka mara moja. Sauti hushuka na kuwa nzito, mwendo huongezeka, piano hupigwa kwa nguvu. Ni sauti ya mtu mwenye afya, mwenye shibe. Hivyo mara nne, swali na jibu, juu na chini.

Mtu angeweza kusema kwamba kurudia namna moja mara nne ni uvivu wa mtungaji. La. Kwa kuwa mahadhi hayabadiliki, msikilizaji huacha kuyashangaa, akabaki anasikiliza jinsi majibu yanavyozidi kuwa mazito. Ile nguvu ya rafiki, ambayo mara ya kwanza ilionekana kuwa uchangamfu tu, mara ya tatu huanza kufanana na nguvu ya mtu anayesema kwa sauti kubwa ili asiulizwe zaidi. Na katika jibu la nne nguvu hiyo haidumu. Mwendo hulegea, sauti hufifia, na maneno ya mwisho hutoka kama yanavutwa.

MAGOLI YALIYOONDOLEWA

Butterworth hakuwa wa kwanza kulitia muziki shairi hili. Rafiki yake mkubwa, Ralph Vaughan Williams, aliyekuja kuwa mtungaji mashuhuri kupita wote wa zama zake nchini Uingereza, alikwisha kulitengeneza mwaka 1909 kwa mwimbaji, piano, na vyombo vinne vya nyuzi vya jamii ya fidla. Kazi yake ni nzuri, tena ina hofu ndani yake. Rafiki aliye hai hujibu kwa fadhaa kubwa, karibu kupiga kelele. Lakini Vaughan Williams aliziacha beti mbili za mpira, kwa kuona hazifai kuimbwa. Housman alipopata habari alikasirika. Kwa kawaida mshairi huyo aliwaruhusu watungaji wa muziki kuyatumia mashairi yake bila kudai malipo, ila hakupenda kukatwa.

Katika ugomvi huo mshairi alikuwa na haki. Farasi hawajui nani amekufa. Wao huvuta tu. Timu ya mpira inajua, na bado inamtafuta mtu wa kujaza nafasi, kwa kuwa mchezo hauwezi kuchezwa na pengo. Ndiyo ngazi ya kati, baina ya wanyama wasiojali na rafiki ambaye alipaswa kujali. Kila aliyepata kuishi kambini anaijua ngazi hiyo: kitanda kilichokuwa cha fulani hupewa mwingine, na jina la fulani hufutwa katika orodha ya wachezaji wa Jumamosi, bila ubaya wa mtu yeyote. Butterworth alizitia muziki beti zote nane.

LUTENI ASIYEJULIKANA

Vita Kuu ya Kwanza ilipotokea mwezi wa Agosti 1914, Butterworth alijiandikisha kama askari wa kawaida katika kikosi cha Duke of Cornwall's Light Infantry. Baadaye alipewa uofisa, akaingia batalioni ya 13 ya Durham Light Infantry. Askari wake wengi walikuwa wachimbaji makaa ya mawe kutoka kaskazini mwa Uingereza, watu wa lafudhi nzito na mikono yenye sugu. Naye, mtoto wa Eton, aliwapenda nao wakamheshimu. Kabla ya kuvuka bahari kwenda Ufaransa alipitia karatasi zake za muziki, na nyingi alizoziona hazifai akaziharibu. Ndiyo sababu kazi yake iliyobaki ni ndogo sana.

Mapigano ya mto Somme yalianza tarehe 1 Julai 1916. Siku hiyo moja tu jeshi la Uingereza lilipoteza watu zaidi ya 19,000 waliouawa. Katikati ya mwezi huo kamanda wa kombania yake alijeruhiwa, Luteni Butterworth akashika uongozi karibu na kijiji cha Pozières, yeye na watu wake wakateka mahandaki ya adui. Kwa ushujaa wake alipewa nishani ya Msalaba wa Kijeshi. Handaki moja lililochimbwa mahali hapo lilipewa jina lake katika ramani za jeshi.

Alfajiri ya tarehe 5 Agosti 1916, katika kugombania handaki lililoitwa Munster Alley, alipigwa risasi ya kichwa na mlenga shabaha wa Kijerumani, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 31, wala hakuwa na mke. Watu wake walimzika kwa haraka ubavuni mwa handaki. Mizinga iliendelea kuifukua ardhi ile usiku na mchana, na kaburi lake halikuonekana tena.

Mkuu wa brigedi yake, Page Croft, alimwandikia barua Sir Alexander kumpa mkono wa tanzia. Katika barua hizo kukadhihirika jambo la ajabu. Baba hakuwa na habari kwamba mwanawe alipewa nishani. Mwana hakuandika neno nyumbani juu yake. Naye mkuu wa brigedi hakuwa na habari kwamba yule ofisa mkimya alikuwa miongoni mwa watungaji wa muziki waliotumainiwa kuliko wote nchini. Kwa muda wote ule aliishi kati ya maofisa wenzake, akala nao, akalala nao katika tope lile lile, wala hakujitangaza.

Mtu akitafakari ataona kwamba kila mmoja wao alikuwa na nusu ya mtu yule, na nusu zile zilikutana kwa posta baada ya mwenyewe kuzikwa.

ALIYEBAKI

Farasi waliendelea kulima, na mpira ukaendelea kuchezwa, kama alivyosema mshairi. Hata ngoma ya njuga iliendelea. Katika kundi lile la Morris la kabla ya vita, wanne waliuawa Ufaransa mwaka huo wa 1916, Butterworth akiwa mmoja wao. Vita vilipokwisha, wengine wakajifunga njuga, wakashika leso, wakasimama katika nafasi zao. Nafasi katika duara la ngoma haiachwi wazi, sawasawa na lango la mpira.

Na rafiki aliyebaki hai? Huyo ni Vaughan Williams, ambaye mwenyewe alikuwa vitani, akihudumu katika kikosi cha kubeba majeruhi. Butterworth ndiye aliyemshawishi, miaka kadhaa kabla ya vita, kuandika simfoni, kazi kubwa ya wapiga ala wengi. Na karatasi za simfoni hiyo zilipopotea nchini Ujerumani mwaka 1914, Butterworth alikuwa miongoni mwa waliokaa usiku na usiku wakiiunganisha upya kutoka katika nakala za wapigaji mmoja mmoja. Simfoni hiyo ya London ilipopigwa chapa mwaka 1920, iliwekwa wakfu kwa kumbukumbu ya Butterworth. Karatasi za muziki za marehemu ziliachwa mikononi mwa Vaughan Williams vilevile. Naye Sir Alexander alichapisha mwaka 1918, kwa gharama yake, kitabu cha kumbukumbu ya mwanawe, kikiwa na barua na shajara zake za vitani.

Jina la Luteni Butterworth limechongwa Thiepval, kwenye mnara mkubwa wa matofali na mawe ambao umewekwa majina zaidi ya 72,000 ya watu wasiojulikana walikolazwa katika nchi ile ya Somme. Wageni huenda pale, wakatembeza kidole juu ya jiwe kulitafuta.

Wimbo wenyewe haujaacha kuimbwa. Roderick Williams ameurekodi. Bryn Terfel, mtoto wa mfugaji wa Wales, aliurekodi pamoja na zile nyimbo nyingine tano katika miaka ya 1990. Waimbaji husema na wanafunzi wao kwanza juu ya zile sauti mbili, namna ya kuzitenga bila kuigiza kama watoto. Shida yenyewe, hata hivyo, iko mwishoni, pale ambapo mwimbaji hana neno tena. Rafiki amekwisha kukiri. Kisha piano peke yake huzirudia zile sauti za juu za marehemu, laini, zikishuka kama mwanzo, na hazifiki mahali pa kutulia, huachwa hewani. Ni zamu ya marehemu kusema, lakini haulizi tena. Mwimbaji hana budi kusimama pale mbele ya watu, mikono chini, uso wake ukiwa bado ni ule wa rafiki, mpaka mpiga piano aondoe vidole vyake.